Wabunge wa Kusini, hela za maendeleo ya jamii mtazilinda mwaka huu au mtagonga meza tu?

#1 Binti wa Kitangari

Wakuu salaam.

Bunge la bajeti linakaribia na nataka tuliseme hili mapema kabla watu hawajafika Dodoma. Nawaomba wabunge wetu wa Mtwara na Lindi, wote bila kujali chama, wazilinde hela za maendeleo ya jamii. Nazungumzia ile asilimia 10 ya kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, TASAF ya kaya maskini, mfuko wa jimbo na hela za kumalizia maboma ambayo wananchi tumeyainua kwa jasho letu.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Tulikubaliana kwenye mkutano kila kilo ya korosho ikatwe kidogo kule AMCOS (chama chetu cha ushirika), kina mama wakasomba maji na mchanga, vijana wakafyatua tofali, mafundi wakafika lenta. Kuanzia lenta ni kazi ya serikali kupaua na kumalizia, ndo makubaliano yalivyo. Tukaambiwa hela iko kwenye bajeti. Mwaka uliofuata tukaambiwa iko kwenye bajeti. Sasa hivi nondo za nguzo za kibarazani zimeshika kutu mpaka ukizigusa zinabanduka maganda, ndani majani yamefika kiunoni, na ukuta wa chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia umepasuka ufa kuanzia dirishani mpaka chini. Mjamzito akishikwa usiku ni kumpakia kwenye bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma anamshikilia.

Swali langu kwa wanaojua: kwanini hela za aina hii ndo zinakuwa za kwanza kusubirishwa? Mishahara inatoka, deni la taifa linalipwa, semina zinafanyika, hela ya bati hamna. Na mbunge anaweza kufanya nini hasa?

#2 Tandahimba Juu

Dada umegusa penyewe. Naunga mkono hoja ila tuanzie kwenye chanzo. Asilimia 10 inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na mapato ya ndani ya huku kwetu ni ushuru wa korosho, hamna kingine cha maana. Ushuru ni asilimia 3 ya bei ya mkulima. Piga hesabu, kilo ikiwa 3,000 halmashauri inapata 90. Tani nzima ni 90,000, asilimia 10 yake ni 9,000, hapo wanawake wapate 3,600 vijana 3,600 na wenye ulemavu 1,800. Tani nzima hiyo!

Sasa msimu wa 2017/18 bei ilivuka 4,000 mnadani, halmashauri zikawa na hela kila mtu anacheka. Baadae kuna misimu bei ikawa inacheza kwenye elfu mbili na mavuno yenyewe yakawa sio yale. Hela ya vikundi ikaporomoka bila mbunge yeyote kuikata. Kwa hiyo mimi naona tatizo ni kutegemea zao moja, mbunge hata ashike mic saa nzima haongezi kilo ya korosho.

#3 Fundi wa Masasi

Naomba nitofautiane na wote wawili. Hata msimu ukiwa mzuri hela inaliwa na sisi wenyewe. Mmesahau Aprili 2023 serikali ilisimamisha ile mikopo nchi nzima? Waziri Mkuu wa wakati ule Majaliwa, mtu wa Ruangwa huyo, ndo alitangaza bungeni, baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni hayajarejeshwa na vikundi vingine havijulikani viko wapi. Nawajua vijana walichukua mkopo wa pikipiki, mwezi wa pili kila mtu na yake, mwezi wa sita zimeuzwa. Mkopo hauna riba, unatakiwa urudi akope mwingine, wao wakaona ni zawadi. Sasa mbunge alinde hela gani, ya kuliwa?

#4 Mama Mwani

Fundi usitupake wote matope. Mimi niko Kilwa, kikundi chetu ni cha wanawake tunalima mwani. Tulikopa tukanunua kamba na tukarudisha yote, stakabadhi tunazo. Tukaomba awamu ya pili kwa ajili ya chanja, maana mwani ukiuanika chini unashika mchanga na mnunuzi akiuona anakata bei hapo hapo, anachukua kiganja anafikicha anakuonyesha, huna la kusema. Ukiuanika juu ya chanja unakauka safi, bei ni nyingine. Andiko limepita kwa afisa maendeleo wa kata, likapita wilayani, tukaambiwa subirini wiki mbili. Ndo likaja hilo tamko la kusimamisha.

Waliokula hela hawakuathirika na chochote, wao walishakula. Tuliosimamishwa ni sisi tuliolipa. Mikopo imekuja kurudi 2024 na wenzangu wengine walishaacha mwani wameenda kuuza maandazi stendi. Hapo ndo ningetaka mbunge anisemee, kwamba huwezi kufunga bomba la mtaa mzima kwa sababu nyumba moja halipi bili.

#5 Mwl. Mstaafu Newala

Salaam wanangu. Mnawalaumu wabunge kwa kitu ambacho Katiba haijawapa. Someni Ibara ya 99. Bunge haliwezi kuongeza matumizi ya serikali wala kupandisha kodi mpaka pendekezo litoke kwa Rais kupitia waziri. Kupunguza wanaruhusiwa, kuongeza hapana. Halafu nendeni Ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti Rais ana mamlaka ya kulivunja. Mbunge aliyekopa kwa ajili ya kampeni akatae bajeti ili arudi tena jimboni kuomba kura? Hayupo.

Binti ameuliza mbunge anaweza nini. Jibu la kisheria ni dogo kuliko tunavyodhani.

#6 Kijana wa Chuno

Shikamoo mwalimu. Sasa kama hawawezi kuongeza wanaenda kufanya nini miezi mitatu kule? Na hiyo kushika shilingi tunayoisikia kila siku ni ya nini, si tuliambiwa ndo silaha yao

#7 Mwl. Mstaafu Newala

Marahaba mwanangu. Kushika shilingi maana yake mbunge anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye fungu la mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Hoja inajadiliwa, waziri anajibu, mara nyingi mbunge anaombwa arudishe shilingi na anairudisha. Ila sio kitu cha kudharau, kwasababu waziri akitoa ahadi pale inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na unaweza kumrudia nayo mwaka unaofuata. Shida yetu hakuna anayemrudia.

Na ipo Kamati ya Bajeti, pale ndo mashauriano ya kweli na serikali yanafanyika kabla ya kura. Hela ikihamishwa toka fungu moja kwenda jingine huwa ni kule, sio kwenye kelele za ukumbini.

#8 Nahodha wa Pwani

Mwalimu unaongea vizuri ila 2018 ilituonyesha kila kitu. Ushuru wa korosho ghafi zinazotoka nje ulikuwa wote unarudi kusini kuendeleza zao, wakauchukua wote. Wabunge wa kusini walisimama, walilia, wengine mpaka leo nawaheshimu kwa siku ile. Kilichotokea kinajulikana. Toka hapo nani tena atajitosa

#9 Karani wa Ghala

Nahodha nakusahihisha kidogo, haukuwa wote. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndo kinachukuliwa. Katika hiyo hela asilimia 65 ilikuwa inaenda mfuko wa kuendeleza zao na 35 Hazina. Sheria ya Fedha ya 2018 ndo ikasema yote iingie Mfuko Mkuu.

Mnaosema wabunge hawakupambana mnakosea. Nape Nnauye wa Mtama alisema waziwazi, wa upinzani walisema, na Kamati ya Bajeti yenyewe mwenyekiti wake alikuwa Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini. Yani mwenyekiti wa kamati anatoka kwetu na bado ikapita. Hilo mwalimu ungelitolea maelezo maana umesema mashauriano ya kweli yako kwenye kamati.

Na athari zake tuliziona ghalani. Ile hela ndo ilikuwa inabeba salfa na miche. Mkulima akikosa salfa, ile dawa ya mikorosho, ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua, mkorosho unasimama mweusi kama umeunguzwa, mavuno yanashuka, ushuru wa halmashauri unashuka, na ile 10% ya Tandahimba Juu inashuka pia. Kwa hiyo bei sio jambo linalojitegemea kama alivyosema #2, uamuzi wa bungeni unaweza ukamfikia mama wa kikundi kwa kupitia kwenye ua la mkorosho. Baadae serikali ilirudisha ruzuku ya pembejeo na tunashukuru, ila misimu ile imeshapotea.

#10 Tandahimba Juu

Karani hapo nakubali sehemu. Salfa ilichangia. Ila hali ya hewa nayo ilikuwepo na bei ya dunia haiko Dodoma wala Mtwara.

#11 Msimbati Kwetu

Nyie wa korosho mnaongea kama kusini nzima ni mikorosho. Tandahimba Juu umesema hamna kingine cha maana, hiyo labda Tandahimba. Kilwa wana ushuru wa huduma wa gesi ya Songo Songo, inayozalishwa tangu 2004. Halmashauri ya Mtwara ina Mnazi Bay na mtambo wa Madimba. Hela hiyo haitegemei mvua wala ubwiriunga. Swali la kuuliza ni je, vikundi vya Kilwa vinapata zaidi kuliko vya Newala? Mama Mwani yuko hapa aseme.

#12 Mama Mwani

Kaka mimi sijaona tofauti. Gesi naisikia kwenye redio.

#13 Kijana wa Chuno

Watu wa Lindi bana kila kitu wanasikia kwenye redio 😂 njooni Mtwara tuwaonyeshe bandari

#14 Mdau wa Mchinga

Mtwara mna bandari, mnashusha nini zaidi ya maneno 😂 korosho zenyewe msimu mwingine zilikuwa zinapandishwa malori kwenda Dar. Turudi kwenye mada kijana.

Mimi nina maelezo mengine ambayo sijaona mtu kayagusa. Majanga. Mwaka 2024 mvua za El Nino halafu Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa, nauli ikapaa na bidhaa zikapanda. Serikali lazima itafute hela ya haraka ya kurudisha barabara, itatoa wapi? Inatoa pale ambapo hakuna mkandarasi aliyesaini mkataba. Boma la zahanati halina mkataba, TASAF mlengwa hana mkataba, kikundi hakina mkataba. Mkandarasi asipolipwa anadai riba mahakamani, nyie mkicheleweshewa mnadai wapi? Hapo ndo jibu la Binti lilipo.

#15 Binti wa Kitangari

Mdau hapo umenifungua macho, sikuwahi kuliangalia hivyo. Asante.

Ila inaniuma zaidi. Ina maana anayeumia ndo asiyekuwa na karatasi ya kudai. Basi ombi langu kwa wabunge liwe hilo, watengeneze sheria inayotupa karatasi. Asilimia 10 angalau ipo kwenye sheria tangu 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Maboma yapo kwenye sheria gani?

#16 Fundi wa Masasi

Kuwepo kwenye sheria hakujasaidia kitu, ndo ile ile iliyosimamishwa 2023 kwa tamko. Halafu dada mimi niliyoizoea ilikuwa tano wanawake tano vijana, hiyo 4-4-2 ya Tandahimba Juu imetoka wapi

#17 Karani wa Ghala

Hiyo ya tano tano ni ya zamani mkuu. Sheria ilipokuja 2018 ikawa wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Na sio asilimia 10 ya mapato yote, kuna mapato yaliyolindwa yanatolewa kwanza, kwa mfano wanachochangia wagonjwa kwenye vituo vya afya. Ndo maana mkipiga hesabu na jumla kubwa mnaona kama mmeibiwa.

#18 Fundi Viatu

Naomba nisemee hiyo 2. Mimi natumia baiskeli ya magurudumu matatu, nashona viatu. Nilipotaka mkopo nikaambiwa lazima kikundi. Kijijini kwetu mwenye ulemavu mwingine ni bibi asiyeona na mtoto wa shule. Niunde kikundi na nani? Nikatafuta wenzangu vijiji vya jirani, kila kikao mmoja atoke mbali kwa nauli ya bodaboda, kikundi kikafa kabla ya kupata hata katiba. Hela ipo kwenye karatasi, kila mwaka inasomwa, na mwisho wa mwaka mtu anasema wenye ulemavu hawajajitokeza.

Wabunge wakisema tumelinda asilimia mbili watakuwa wamelinda namba. Mimi nataka cherehani ya kushonea ngozi.

#19 Mama Mwani

Pole sana kaka yangu. Hili liingie kwenye barua kama kuna barua.

#20 Bi Mkubwa Mingoyo

Mimi nalea wajukuu, nazungumzia TASAF. Wengi mnaisema vibaya kwamba ni hela ya kupewa bure, njooni muone. Kipindi cha ajira za muda tulilima barabara ya kwenda mashambani na tukachimba lambo, jembe langu mwenyewe, jua la saa nne. Wajukuu lazima mahudhurio ya shule yawe sawa, wadogo kliniki, usipotimiza unakatwa. Ile hela ya kila miezi miwili nilinunua kuku, kuku wakawa mbuzi, nikaezeka bati upande mmoja wa nyumba.

Sasa wamekuja wamehesabu mbuzi, wameona bati, wanasema kaya yangu imehitimu. Upande wa pili wa nyumba bado ni makuti na ndo tunakolala. Siwalaumu vijana waliokuja, wao wametumwa na fomu. Nauliza tu, mtu akipanda ngazi mbili ndo unaitoa ngazi?

#21 Msimbati Kwetu

Shikamoo Bi Mkubwa. Maneno mazito hayo.

#22 Naliendele Mtafiti

Bi Mkubwa shikamoo. Kwa faida ya wote, Binti alivyopanga kwenye #1 inaonekana kama TASAF na asilimia 10 ni mfuko mmoja. TASAF ilianza mwaka 2000, na ingawa inaitwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii haiko wizara ya Maendeleo ya Jamii, iko Ofisi ya Rais upande wa Utumishi na Utawala Bora. Asilimia 10 na mfuko wa jimbo viko TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa. Kwa hiyo mbunge akitaka kushika shilingi ya TASAF siku ya TAMISEMI ataambiwa subiri, na kweli huwa inatokea.

Jambo la pili, kunusuru kaya maskini kwa sehemu kubwa kumeendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na michango ya wahisani. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020, kilipangwa kufika 2023 na baadae kikasogezwa mpaka 2025. Kuhitimishwa kwa kaya kama ya Bi Mkubwa mimi nakuona ndani ya picha hiyo, mkopo una mwisho na mpango lazima uonyeshe matokeo. Hela ikitoka ndani wabunge wana la kusema. Ikitoka nje, mkataba ndo unasema. Kama tunataka walinde, waidai serikali iingize hela yake yenyewe humo mwaka hadi mwaka.

#23 Mswahili Houston

Habari za nyumbani. Niko Marekani muda sasa, nimezaliwa Lindi mjini, Rahaleo. Huku kuna ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya maendeleo ya jamii inayoenda kwenye miji na majimbo, ipo tangu 1974, inatengeneza nyumba za watu wa kipato cha chini, mitaro, vituo vya vijana na wazee. Trump kwenye bajeti zake za kipindi cha kwanza alipendekeza kuifuta kabisa, sio kupunguza, kufuta. Kongresi ikaipa hela kila mwaka. Sababu kubwa, mameya wa vyama vyote viwili walikuwa wanawasumbua wabunge wao, kila mmoja na orodha ya mitaa itakayoumia. Mbunge anaambiwa mtaro wa barabara fulani kwenye jimbo lako utakufa. Sio maneno ya jumla.

Nadhani na nyie madiwani na wenyeviti wa vijiji wangefanya hivyo.

#24 Mwl. Mstaafu Newala

Mfano mzuri ila mfumo ni tofauti ndugu yangu. Kule bunge lao ndo lenye mkoba, Rais anapendekeza tu. Hapa ni kinyume, soma tena #5. Lakini hilo la orodha nalichukua. Mbunge akisimama na jina la kijiji na picha ya boma ni tofauti na akisema "wananchi wangu wanateseka".

Na Karani aliniuliza kuhusu 2018. Jibu langu ni kwamba kamati inashauri, wenye wingi wa kura ndo wanaamua, na wingi hauko kusini. Mikoa miwili hatufiki popote bila kuungwa mkono na wa pamba, wa kahawa na wa tumbaku. Wao nao wana maboma.

#25 Nilikuwa Diwani

Wote mnaongelea Bunge la bajeti la Aprili, mimi niliyekaa kwenye vikao nawaambia Aprili mmechelewa. Bajeti inaanzia kijijini, vipaumbele vinaibuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, vinaenda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani linapitisha karibu Januari na Februari, mkoa, TAMISEMI, ndo Bunge. Ikifika Dodoma kitabu kimeshachapwa. Mkutano wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mahudhurio nani anayajua? Wanakuja wazee na watu wa kamati. Vijana wako kijiweni. Halafu hela isipokuja mnamtafuta mbunge.

#26 Binti wa Kitangari

Mheshimiwa kwa heshima zote, sisi tulihudhuria. Boma liliibuliwa kwenye mkutano, muhtasari upo, kata ilipitisha, baraza lilipitisha, Bunge likapitisha. Hatua zako zote tumezipita. Hela haikuja. Kwa hiyo kuchelewa sio jibu la kwetu labda la kijiji kingine.

Na mikutano inaitishwa wakati watu tuko mashambani tunapalilia mikorosho au tunaokota, tangazo limebandikwa jana yake.

#27 Nilikuwa Diwani

Basi kwenu shida ni hela kutotolewa, sio kutotengwa. Ni mambo mawili. Baraza linaweza kupitisha bilioni, ikaingia robo. Kama chanzo ni mapato ya ndani makusanyo hayajafika, kama ni ruzuku ya serikali kuu Hazina haijaachia. Kwenye ripoti ya robo mwaka utaona safu mbili, iliyoidhinishwa na iliyopokelewa. Ombeni hiyo ripoti, ni haki yenu, mtendaji hana sababu ya kuificha.

#28 Newala Mjini

Watu wa Newala mbona hamjasema kuhusu benki? Mikopo iliporudi 2024 zilichaguliwa halmashauri 10 za majaribio kutoa kupitia benki, na Newala Mji imo, pamoja na majiji ya Dar na Dodoma. Nia ilikuwa kuondoa vikundi hewa anavyovisema Fundi. Na kweli uchambuzi ni mkali. Ila mama ntilie aliyezoea kuongea na afisa maendeleo anayemjua sasa anakaa foleni na kijana wa tai anayemuuliza kumbukumbu za mauzo. Wengine wamekata tamaa, wengine wamependa kwasababu hakuna kujuana. Mimi naona ni bora, mke wangu anaona ni mbaya, nyumbani hatujaafikiana.

#29 Fundi wa Masasi

Bora benki. Ingekuwa hivyo toka mwanzo tusingefika 2023.

#30 Fundi Viatu

Benki ipi yenye ngazi tatu mlangoni au ipi?

#31 Mdau wa Mchinga

🙏

#32 Binti wa Kitangari

Nimesoma yote. Mwalimu anasema Katiba, Tandahimba Juu korosho, Fundi anasema sisi wenyewe, Naliendele wahisani, mimi bado nashikilia kwamba mtu aliyetumwa na jimbo ana wajibu wa kuuliza hela iliyopitishwa imeenda wapi, hilo halihitaji ruhusa ya Rais. Naandaa barua kwa wabunge wote wa mikoa miwili, kila kijiji kiweke boma lake na picha, kiasi kilichoidhinishwa na kilichopokelewa. Nani ananisaidia upande wa Lindi, na nani anaweza kupata ripoti ya robo mwaka ya Tandahimba?

#33 Tandahimba Juu

Ripoti niachie mimi. Ila barua izungumzie na ushuru wa korosho ghafi, tukiacha hilo tumeandika nusu.

#34 Mama Mwani

Kilwa nipo, na picha za chanja ambazo hazikujengwa nitatuma, yani picha ya mwani ulivyo mchangani.

#35 Fundi wa Masasi

Mimi nasaini kwa sharti moja, iambatanishwe na orodha ya vikundi visivyorejesha, kwa majina. Tukidai hela itolewe tudai na irudi.

#36 Mama Mwani

Majina hapana. Kuna waliofiwa, kuna mwaka mwani uliugua ukawa mweupe wote baharini, huwezi kumuweka mtu huyo pamoja na mwizi wa pikipiki. Weka idadi na kiasi, sababu ziandikwe.

#37 Fundi wa Masasi

Bila majina sisaini.

#38 Karani wa Ghala

Fundi, orodha ya wadaiwa iko halmashauri, kazi ya kuwadai ni ya mkurugenzi na ana sheria ya kumsaidia. Barua hii anaandikiwa mbunge. Binti weka rasimu hapa Jumapili tuione, na zile nondo pia piga picha kwa karibu, kutu ionekane.